Adabu ya Mgeni Mkristo Visiwani

Masomo: Luka 10:5–9, 1 Wakorintho 9:19–23



Kila mwaka, mavuno yakiisha kuingia ghalani, naagana na vijana wa usharika wetu washukao kwenda pwani. Wapanda gari Mbeya au Iringa, wateremka mlima wa Kitonga, wapita Mikumi na Morogoro, hata wafike Dar es Salaam. Na baadhi yao hawaishii pale, bali wapanda meli na kuvuka bahari kwenda Unguja. Wengine watafuta kazi katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje. Wengine ni wanafunzi, wengine askari, wengine wafanya biashara wachukuao viazi na mchele. Twawaombea, twawaonya juu ya wezi, twawapa barua ya usharika. Walakini neno moja twalisahau. Hatuwaambii ya kuwa wanakwenda kuwa wageni katika nchi ambayo karibu watu wake wote ni Waislamu, na ya kuwa mgeni asiyejua adabu ya nyumba aweza kuivunja amani yake kabla hajasema neno lo lote juu ya imani yake.

Mwezi uliopita mama mmoja alinijia jioni, baada ya ibada. Mwanawe amepata kazi ya jikoni katika hoteli huko visiwani, naye alikuwa na mashaka. Akaniuliza, "Baba Mchungaji, mwanangu atafanyaje huko? Akizifuata desturi zao, hatakuwa amemkana Kristo? Na asipozifuata, hawatamchukia?" Swali lake ni jema, nami nimeona vema kulijibu mbele yenu nyote, hasa ninyi wainjilisti na waalimu wa kipaimara, maana vijana hawa hupita mikononi mwenu kabla hawajapanda gari.

Lakini kwanza yanipasa kuungama kosa langu mwenyewe.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2004 nilikuwa mwanafunzi wa uchungaji, mwenye miaka 24, na kichwa kilichojaa masomo. Nilifika Unguja mara yangu ya kwanza, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umekwisha kuandama. Jua lilikuwa kali mno kwa mtu aliyezoea ukungu wa Mufindi. Nilizunguka katika vichochoro vya Mji Mkongwe hata nikachoka, nikaketi juu ya baraza ya nyumba ya mtu, bila hodi wala salamu. Kisha nikafungua mfuko wangu, nikatoa mkate na chupa ya maji, nikaanza kula. Vijana watatu waliokuwa wakipita wakasimama. Mmoja akaniambia kwa upole, "Kaka, leo ni mfungo." Nami, badala ya kusema, "Niwieni radhi," nikamjibu kwa sauti kubwa, "Mimi ni Mkristo. Sifungi. Nina uhuru." Nikauma mkate tena, makusudi, ili waone. Sauti zikapanda, watu wakaanza kukusanyika, nami nikaanza kuogopa.

Ndipo mlango wa nyumba ile ukafunguliwa, akatoka mzee mwenye kanzu na kofia. Hakuniuliza dini yangu wala jina langu. Aliwaambia wale vijana, "Huyu ni mgeni wangu," nao wakanyamaza. Kisha akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, jua ni kali. Ingia ndani ule kwa utulivu." Akanitandikia mkeka, akaniletea maji baridi ya mtungi, yeye mwenyewe akiwa hajaonja hata tone moja tangu alfajiri. Halafu akarudi kuketi penye mlango, mgongo wake ukinielekea, hata nilipokwisha kula.

Ndugu zangu, sijapata kula mkate mchungu kama ule.

Nilitaka kuondoka, lakini mzee alinizuia. Jua lilipokuchwa na adhana ya magharibi ikasikika, alifungua saumu yake kwa tende, akanipa na mimi. Baadaye zikaja sinia za futari, uji, na muhogo wa nazi, na viazi vitamu, na sambusa. Tulikula pamoja, mimi na yeye na wanawe. Tulipokwisha kunawa akaniuliza, "Je, Bwana wenu Isa, naye alifunga?" Nikamweleza jinsi Bwana alivyofunga nyikani siku arobaini mchana na usiku, na jinsi mjaribu alivyomtaka ageuze mawe kuwa mikate, naye akakataa. Mzee alisikiliza kimya. Nami nilipokuwa nikisema, maneno yangu mwenyewe yalinihukumu. Bwana wangu alikuwa na uwezo wa kula, akajizuia siku arobaini kwa ajili yangu. Mimi sikuweza kujizuia saa chache kwa ajili ya watu ambao yeye aliwafia. Niliyokuwa nikiyaita uhuru mchana ule hayakuwa uhuru. Yalikuwa kiburi, nacho kilikuwa kimetafuta andiko la kujifunika.

Nilimwomba radhi. Akanijibu, "Mgeni hana kosa siku ya kwanza. Siku ya pili ndiyo twamtazama." Tukaagana kwa amani. Yeye hakuwa Mkristo, wala mimi sikuwa Mwislamu. Lakini neno la Kristo lilikuwa limesemwa nyumbani mwake, na aliyelifungulia njia si mimi, bali ni ukarimu wake.

Sasa tuyatazame Maandiko. Bwana alipowatuma wale sabini, aliwapa maagizo juu ya nyumba. Waingiapo, kwanza wautakie nyumba ule amani. Kisha wakae humo humo, wasihamehame, wale na kunywa waliyo nayo wenyeji. Ndipo baada ya hayo wawaponye wagonjwa na kuutangaza ufalme. Angalieni utaratibu wake: salamu kwanza, na meza, kisha mahubiri. Mimi nilitaka kuanza mwisho. Tena Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho ya kuwa, ingawa yu huru, amejifanya mtumwa wa watu wote; kwa Wayahudi alikuwa kama Myahudi, na kwa wasio na sheria kama asiye na sheria. Hasemi ya kuwa aliubadili ujumbe wake. Asema aliibadili njia yake ya kukaa na watu, ili ujumbe usizuiliwe na jambo lisilo la maana.

Wala jambo hili si geni kwetu sisi wa nyanda za juu. Kati ya Wahehe na Wabena, mtu apitaye mbele ya wazee bila kusema "Kamwene" huhesabiwa kuwa hana malezi. Kati ya Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtu hakuonana uso kwa uso na baba mkwe wake; alijificha njiani hata amepita. Mwaka 1891, wamisionari wa Berlin na wa Moravian walipofika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, walikuta nchi yenye heshima zake, iwapasayo kujifunza. Tungetaka mgeni azidharau adabu za wazee wetu? Kama hatutaki, tusizidharau za wenzetu.

Tena tuna deni. Mwaka 1844 Ludwig Krapf, mwana wa Kanisa la Kilutheri kutoka Ujerumani, alifika Unguja kabla ya kwenda Mombasa. Sultani Seyyid Said, ambaye alikuwa Mwislamu, alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, akimtaja kuwa mtu mwema, na kuwaagiza wamtendee vema na kumsaidia. Hivyo mmisionari wa kwanza wa pwani yetu katika siku hizi za baadaye alipita akiwa na barua ya mtawala Mwislamu mkononi. Tena fikirini lugha tunayosomea Neno la Mungu. Krapf alijifunza Kiswahili Mombasa, na Askofu Edward Steere alifanya kazi ya kutafsiri Maandiko pale pale Unguja, kwa msaada wa watu wenye lugha yao. Imani, toba, rehema, dhambi, msamaha, baraka, sala, malaika: maneno haya yote yana asili ya Kiarabu, nayo yalikuwa vinywani mwa Waislamu wa pwani kabla hayajaingia katika liturgia yetu. Aliyeazimwa chungu hamtukani mwenye chungu.

Basi niyataje mambo machache, ili wainjilisti mpate kuwafundisha vijana.

Kwanza, salamu na hodi. Usipite mbele ya watu walioketi barazani kana kwamba ni mawe. Wasalimu, mkubwa wako mwamkie shikamoo. Wakikusalimu kwa kukutakia amani, uitikie kwa amani, maana Bwana wetu naye alitufundisha kuitakia nyumba amani. Ufikapo mlangoni piga hodi, usisogee hata ukaribishwe. Vua viatu vyako penye kizingiti. Mwanamume asimnyoshee mwanamke mkono wa salamu, asipoanza mwanamke mwenyewe. Kuweka mkono kifuani na kusema neno jema kwatosha.

Pili, mavazi. Nguo za ufukoni zikae ufukoni. Mjini na kijijini mwanamke afunike mabega na magoti. Kanga moja mabegani yaondoa maneno mengi. Wala wanaume wasidhani ya kuwa jambo hili ni la wanawake tu. Kutembea kifua wazi sokoni ni utovu wa adabu. Mume na mke wasibusiane njiani. Na kwa kweli, hata Njombe na Tukuyu wazee wetu wasingelipenda.

Tatu, meza. Huko watu wengi hula pamoja katika sinia moja. Nawa, kula kwa mkono wa kulia, na kula upande wako, usichague nyama iliyo mbele ya mwenzio. Nyama ya nyumba ile imechinjwa na Mwislamu. Ile kwa shukrani, na shukuru Mungu wako moyoni. Nguruwe na pombe usizipeleke kwa mtu, wala usizitaje kwa mzaha. Najua vijana wetu waliokulia penye ulanzi huona ni ucheshi kumtania Mwislamu kwa kikombe. Si ucheshi. Tena, ukimkaribisha Mwislamu kwako, mwambie kweli juu ya kila kilicho mezani. Na kama kuna mnyama wa kuchinja, mwachie yeye au mwenziwe achinje. Kumlisha mtu kwa hila kitu ambacho dhamiri yake yakataa ni dhambi, nayo Warumi 14 yaisema wazi.

Nne, Ramadhani. Wewe hukuamriwa kufunga, wala hakuna akulazimishaye. Lakini usile, usinywe, wala usivute sigara mchana mbele ya watu. Kula ndani, kwa faragha. Si jambo la adabu tu: mwezi wa Machi mwaka 2024 polisi wa Zanzibar waliwakamata watu kwa kula hadharani mchana wa mfungo. Lakini mimi nataka mjizuie kwa upendo, wala si kwa hofu ya polisi. Ukialikwa futari, nenda. Na sikukuu ya Idi ikifika, wapelekee jirani zako salamu, kama wewe nawe upendavyo kusalimiwa siku ya Krismasi.

Tano, sala na kitabu. Mara tano kila siku Mwislamu huitwa kusali: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, na adhuhuri ya Ijumaa ni sala kubwa. Saa hizo punguza sauti ya redio yako. Usipite mbele ya mtu asaliye. Usiingie msikitini bila ruhusa. Ukiruhusiwa, vua viatu. Sisi huvua kofia tuingiapo kanisani na kuacha viatu. Wao huvua viatu na kuacha kofia. Na Musa penye kile kijiti aliambiwa avue viatu. Kitabu chao usikishike bila kuruhusiwa, wala usikiweke chini. Mwezi wa Oktoba mwaka 2012, huko Mbagala katika Dar es Salaam, watoto wawili walibishana juu ya Korani, na mmoja wao akakinajisi kitabu kile. Ghadhabu ikatoka mikononi mwa watoto ikaingia kwa watu wazima, na makanisa yakashambuliwa na kuchomwa moto. Mtoto yule alikuwa mtoto tu. Nauliza sisi wazazi na waalimu: nani alikuwa amemfundisha?

Najua baadhi yenu mtaniambia, "Mchungaji, watufundisha kuwaheshimu, je, wao wametuheshimu?" Sitaficha yaliyotukia. Mwaka 2012 makanisa yalichomwa Zanzibar. Tarehe 17 Februari 2013, siku ya Bwana asubuhi, Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi akienda kuongoza ibada. Tunawalilia waliotendwa hivyo. Lakini kumbukeni pia ya kuwa mwezi wa Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa ofisi ya Mufti, alimwagiwa tindikali. Uovu ule ulimpiga padre na shehe pia. Asiseme mtu, "Waislamu walifanya," kana kwamba mzee yule aliyenipa maji ya mtungi ni mmoja wa wauaji. Bwana hakutupa ruhusa ya kumhukumu mtu kwa kosa la jirani yake.

Sasa nifike penye moyo wa swali la yule mama. Je, kufanya haya ni kumkana Kristo?

Kuna mithali isemayo ya kuwa ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako. Mithali hii ina hekima, lakini kwa Mkristo haitoshi. Yeye hafumbi jicho. Anajizuia, lakini aona. Anyamaza kwa wakati, lakini haoni haya. Basi kuna mpaka, nami nauweka wazi. Kujifunika kanga, kuvua viatu, kutokula njiani, kusubiri sala iishe: hayo yote ni adabu, wala hayamwondolei Kristo kitu. Lakini kujiita Mwislamu ili upate chumba au kazi, kubadili jina lako mbele ya watu kwa hofu, kuitamka shahada kwa ulimi tu huku moyo ukikataa, kusimama katika safu na kusali sala usiyoiamini: hayo ni uongo. Nao Waislamu wenyewe, wenye kuitia maanani dini yao, hawampendi mnafiki. Mwambie mwenye nyumba mapema, kwa sauti ya kawaida, "Mimi ni Mkristo, Jumapili nakwenda kanisani." Na uende kweli. Tunao ndugu Walutheri Unguja, walio chini ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Watafute juma lako la kwanza. Lipo na kanisa kuu la Waanglikana pale Mkunazini, lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Mkristo wa Unguja si mtu wa kujificha, wala si mtu wa kupiga kelele.

Juu ya mabishano ya dini nasema hivi. Waislamu humheshimu Isa mwana wa Mariamu kuwa nabii, lakini hawakiri ya kuwa ni Mwana wa Mungu, wala ya kuwa alikufa msalabani. Tofauti hii ni kubwa, nasi hatuna ruhusa ya kuipunguza. Lakini haitatuliwi kwa kushindana sokoni, wala kwa kumsema vibaya Mtume wao. Petro atuagiza kuwa tayari kumjibu kila mtu atuulizaye sababu ya tumaini letu, tena kwa upole na heshima. Angalieni: kumjibu aulizaye. Basi ishi hivi hata uulizwe. Mimi niliulizwa jioni ile penye mkeka, baada ya kula. Mchana, nilipopiga kelele barazani, hakuna aliyeniuliza neno.

Na ninyi mnaobaki, msidhani ya kuwa somo hili ni la wasafiri tu. Iringa mjini kuna misikiti, na Mbeya vilevile. Wamo Waislamu katika masoko yetu, na katika shule wanakosoma watoto wetu. Aliyezoea kumdharau jirani yake Mwislamu nyumbani hawezi kujifunza heshima ndani ya meli kwa muda wa saa mbili.

Yule mama nilimjibu hivi: "Mama, mfungie mwanao kanga mbili, moja ya kujifunika usiku, na moja ya kumpa mke wa mwenye nyumba. Mfungie na Biblia yake, asiifiche. Mwambie awe wa kwanza kusalimu na wa mwisho kukasirika. Akifanya hivyo hatakuwa amemkana Kristo. Atakuwa amemtangulizia njia." Akacheka, akafuta macho, akaenda zake kufunga mzigo.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekuwa mgeni duniani, ukaketi mezani pa watu wasiokujua, uwalinde watoto wetu walio ng'ambo ya bahari. Uwape ulimi wa upole na moyo usioogopa. Uwabariki wote wanaowafungulia milango, wewe uwajuaye kwa majina. Utusamehe kiburi chetu tulichokiita imani. Amina.

Mchungaji wenu.